Magari Saba Ndani ya Mkebe wa Maziwa

Mama alitaka mkebe ule uokolewe kwa ajili ya makaratasi. Magari yalifuata tu.

Ilikuwa tarehe 17 Januari 2002. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka, lava inashuka kuelekea mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, na sisi wa mtaa wa Mabanga tulikuwa tunatoka na kile ambacho mikono iliweza kushika. Mama alikuwa na godoro kichwani na mdogo wangu mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka 9. Alininyooshea kidevu juu ya kabati, akasema: “Beba ule mukebe, iko na makaratasi yetu yote.” Ulikuwa mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Chini, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na vyeti vyetu vya kuzaliwa, karatasi ya kiwanja na kadi za ubatizo. Juu yake yaya wangu alikuwa amepanga magari yake madogo saba. (Kwetu Kivu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto.) Aliyaweka humo kwa sababu nyumbani hapakuwa na chombo kingine chenye kifuniko kigumu. Nilitembea hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, nimeukumbatia mkebe, na kila hatua magari yalilia ndani kama kayamba.

Lava iliukata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Nyumba yetu ilipona. Tuliporudi, mkebe ulirudi juu ya kabati, na hapo ukakaa miaka 19.

Niliufungua tena Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Mei 2021 mlima ulipasuka tena usiku wa tarehe 22, na siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ya Goma iondoke. Safari hii niliubeba mwenyewe bila kuambiwa. Mlinzi mmoja alitaka kuona kitambulisho cha mama, nikaweka mkebe chini barabarani, nikafungua. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza, ile harufu ya chuma chenye maji. Makaratasi yalikuwa mazima kwa sababu ya nailoni. Lakini magari! Pikapu ya buluu ilikuwa na mistari ya hudhurungi ikishuka mlangoni. Lori la zimamoto lilikuwa limegandana na sakafu ya mkebe. Magurudumu hayakuzunguka. Nikafunga haraka kana kwamba nimemwona mtu akiwa uchi.

Nilipotulia Goma mwezi uliofuata nilianza kuyasafisha, na kazi hiyo ilinichukua karibu mwaka mzima wa jioni za Jumapili. Ninayoandika hapa ndiyo niliyojifunza. Nayaandika kwa sababu najua siko peke yangu: ziko nyumba nyingi Goma zenye mkebe wa namna hii, na mtu akiona kutu hukimbilia kusugua au kutupa.

Nianze na mabati, maana bila mabati nisingeelewa kitu.

Aliyewahi kuishi hapa anajua manjanja, ndivyo tunavyoyaita mabati, ya Goma hayazeeki kama ya mahali pengine. Yanaezekwa yakiwaka jua, na baada ya miaka michache tu yamekuwa mekundu kama udongo wa Masisi. Sababu iko juu yetu. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira, volkano nyingine, hutoa moshi wenye gesi ya salfa, gesi hiyo hukutana na maji angani, na mvua inashuka ikiwa na asidi. Ndiyo mvua hiyohiyo tunayoikinga kwenye mapipa bomba likikauka.

Sasa, bati ni chuma chembamba kilichopakwa zinki. Zinki inakubali kuliwa kwanza ili chuma kilicho chini yake kibaki salama. Asidi ya mvua inailamba zinki mwaka hadi mwaka, na siku inapoisha, chuma kinabaki uchi na kutu inaanza. Hilo ndilo linaloendelea juu ya vichwa vyetu tukiwa tumelala.

Gari dogo la kuchezea limetengenezwa kwa metali zilezile mbili, ila zimebadilishana nafasi. Bodi yake si chuma. Ni zamaki, aloi ya zinki, alumini, magnesi na shaba kidogo, iliyoanzishwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929. Jina lenyewe limeshonwa kutokana na majina ya Kijerumani ya metali hizo. Inayeyuka kwenye joto dogo na inajaza vizuri kalibu yenye michoro midogo sana, ndiyo maana mlango wa gari lenye urefu wa kidole unaweza kuwa na kitasa. Chuma kimejificha chini: ekseli, yaani vile vijiti vyembamba vinavyoshika magurudumu, na wakati mwingine kitako chote cha gari.

Zamaki haiwezi kutoa kutu nyekundu, kwa sababu haina chuma cha kutosha kutoa. Ikiugua inatoa unga mweupe kama wa chokaa. Kwa hiyo ukiona doa la hudhurungi kwenye mlango wa gari, jua kwamba doa hilo ni mgeni. Limetoka mahali pengine, limeletwa na maji, likakauka hapo. Ukilisugua bila kujua lilikotoka, litarudi msimu wa mvua ujao, na rangi utakuwa umeshaimaliza wewe mwenyewe.

Mimi nilisugua. Tena nilifanya kibaya zaidi.

Katika yale magari saba lilikuwemo moja la kijani, dogo kuliko yote, ambalo Yaya alikuwa akilipeleka shuleni ndani ya kikasha cha kompasi. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Jack Odell, yule Mwingereza aliyemtengenezea binti yake kichezeo cha kuingia ndani ya kiberiti kwa kuwa shule ya mtoto haikuruhusu kikubwa zaidi, na mwaka 1953 yakaanza kuuzwa magari ya Matchbox. Nilisoma nikamwona Yaya na kikasha chake cha kompasi. Basi gari hilo la kijani ndilo nililoanza nalo, kwa kulipenda. Kila mtu alikuwa amenieleza kwamba siki inakula kutu. Ni kweli inakula. Nikalizamisha lote kwenye bilauri ya siki jioni, nikaona viputo vidogo vinapanda, nikafurahi nikidhani kutu inatoka.

Ilikuwa zinki inayeyuka. Asubuhi rangi ya kijani ilikuwa imeinuka kama ngozi iliyoungua, na chini yake bodi ilikuwa ya kijivu, imejaa vitundu. Ekseli, kwa kweli, ilikuwa safi kabisa. Nililia, na sioni aibu kuliandika.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa saa mle Birere, mzee anayefanya kazi na lenzi jichoni. Aliligeuza mara mbili tu. “Dada,” akasema, “hii haiko chuma. Usiogeshe gari yote. Utibu tu fasi inauma.” Kisha akanipa kipande cha sumaku kutoka kwenye spika ya redio mbovu, akanifundisha kupima: gusa kila sehemu, panaponata ndipo pana chuma, na ndipo kutu inapozaliwa. Kifaa hicho kidogo kimenisaidia kuliko vingine vyote. Kwenye pikapu ya buluu sumaku ilinata kwenye ekseli mbili peke yake. Kwenye lori la zimamoto ilinata kitako kizima. Na kwenye gari moja jeupe haikunata popote isipokuwa kwa shida kwenye ekseli, maana yake madoa yake yote ya mgongoni yalitoka kwenye mkebe wenyewe. Mkebe wa maziwa ni chuma kilichopakwa utando mwembamba wa stani, metali nyingine, si zinki. Ukikwaruzwa ndani na magari yanayocheza kayamba, basi.

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Nitaieleza kama ninavyoifanya sasa.

Kwanza kavu. Goma ina vumbi jeusi la lava, na vumbi hilo ni kali kama msasa. Ukiweka maji na kusugua kabla hujalitoa, unachora mistari kwenye rangi. Mimi natumia mswaki laini wa mtoto, gari likiwa limeinamishwa ili vumbi lianguke chini badala ya kuingia zaidi. Kwenye matundu ya magurudumu natumia njiti ya kiberiti iliyochongwa.

Halafu mafuta ya cherehani. Tone moja kila mwisho wa ekseli, pale inapoingia kwenye gurudumu, na gari likae limepinduliwa usiku mzima. Usilazimishe gurudumu. Kesho yake lijaribu kwa ncha ya kidole. Likikataa, ongeza tone na usubiri tena. Pikapu ilinichukua siku nne. Siku lilipozunguka lilitoa tope la rangi ya chai nyeusi, na nililifuta kwa pamba hadi pamba ikatoka nyeupe. Mafuta hayayeyushi kutu yote, lakini yanailainisha, na yanafukuza maji, na maji ndiyo chakula chake.

Ekseli ikiwa bado na magamba, chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia nyama ya kuchoma, kunja kipande kidogo, kilowanishe kwa tone la maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko chuma, haikichubui, lakini kutu inaondoka. Sehemu zinazong'aa ambazo ni plastiki iliyopakwa fedha, kama taa na bampa, usiziguse kabisa. Ile fedha ni utando mwembamba mno. Ukiifuta mara moja kwa nguvu, imekwenda.

Doa lenyewe kwenye rangi ndilo la mwisho, baada ya chanzo kufungwa. Hapa asidi inaruhusiwa, kwa kipimo cha jicho la sindano. Ndimu inafaa kuliko siki kwa sababu asidi yake inaushika ule uchafu wa chuma na kuutoa pamoja nayo. Nafunga pamba kwenye njiti, nachovya, nakamua hadi ibaki unyevu tu, nagusa doa. Nahesabu hadi sitini. Nafuta kwa pamba yenye maji safi, nakausha, naangalia. Nikiona rangi imeanza kwenda na pamba, nasimama hapohapo. Kabla ya yote hayo najaribu mahali pasipoonekana, chini ya kitako. Stika usiziloweshe hata kidogo, na palipochubuka rangi mpaka metali inaonekana, ndimu isifike.

Watu wengine wanapenda kiazi, na nakiri nilikidharau mwanzoni. Birayi tunazo kuliko kitu kingine chochote mjini hapa. Ukikata kimoja na kukipaka sabuni ya vyombo kidogo, ukakiweka juu ya chuma chenye kutu, baada ya saa kadhaa kinatoka na alama ya hudhurungi usoni. Kina asidi ya oksaliki kidogo, ndiyo siri yake. Ni polepole sana, lakini kwa kitako cha lori la zimamoto upole huo ndio nilioutaka. Viazi vitatu, Jumapili tatu.

Maji ya kusuuzia nayo yana habari yake. Ya mvua yana asidi, nimeshasema. Ya Ziwa Kivu yana chumvi na magadi ya asili. Yakikauka yanaacha ukungu mweupe kwenye rangi nyeusi na kwenye vioo. Suuzo la mwisho nafanya kwa maji ya chupa, kijiko kimoja tu kinatosha gari zima. Kisha kukausha mara moja, bila kuahirisha: nalipanga juu ya kitambaa karibu na babula, yaani jiko la mkaa, umbali wa mkono mzima, maana plastiki ikipata joto inapinda.

Kuna mambo mawili nayasikia kila mara na yananiumiza. La kwanza ni kuchanganya siki na bikabonati. Inatoa povu kubwa, watoto wanashangilia, na mtu anaamini dawa imeamka. Povu hilo ni asidi na bikabonati zikiuana. Kinachobaki ni kama maji yenye chumvi, na chumvi ni rafiki wa kutu. La pili ni Javel, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Javel inaondoa madoa ya nguo, kwa hiyo mtu anadhani itaondoa na hili. Kwa kutu inafanya kinyume, doa linakolea na kujikita, na chuma kinaendelea kuliwa kwa kasi zaidi. Na mtu akiimimina Javel pamoja na siki au ndimu, inatoka gesi ya klorini, ambayo inaunguza mapafu. Chumba chenye mtoto, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi: tafadhali, msifanye hivyo.

Vichezeo vya mpira ni habari tofauti, na hapo nimeshindwa zaidi kuliko nilivyoshinda. Ndani ya mkebe alikuwemo pia Schtroumpf mmoja, kile kijitu cha buluu cha Wabelgiji, aliyekuwa amelala miaka yote hiyo miguu yake ikigusa sakafu. Yeye hana chuma hata chembe, lakini viatu vyake vyeupe vilikuwa vimekunywa kutu. Rangi ya gari ni kama ukuta, doa linabaki juu yake. Mpira ule ni kama mkate, doa linaingia ndani. Kusugua hakusaidii, kunaleta michubuko inayong'aa. Nilichofanya ni kukanda unga wa muhogo kwa maji ya ndimu hadi uwe kama ugali laini, nikamvisha miguuni, nikamfunga nailoni ili usikauke, nikauacha nusu saa. Nikarudia mara nne, kwa siku tofauti. Doa limetoka kwenye rangi ya kahawa hadi rangi ya chai ya maziwa, na hapo nikamwacha. Dawa hiyo ni ya plastiki na mpira peke yake.

Kutokana na yeye nilianza kuletewa vingine. Jirani aliniletea farasi mdogo wa waridi wa Hasbro, wale wenye nywele za kuchana walioanza kuuzwa miaka ya 1980, aliyempata kwenye mitumba akampa binti yake. Mtoto alikuwa akimwogesha kila siku. Sasa nyuma, pale mkia unapoingia, kulikuwa na mduara wa hudhurungi uliokuwa ukikua. Mama yake alikuwa amesugua hadi akaacha alama. Nilileta sumaku, ikanata hewani kama inavuta roho: kwenye baadhi ya farasi hao mkia umeshikwa kwa ndani na kipande cha chuma, na maji ya kuogeshwa yanaingia shingoni yanakaa tumboni. Tulimweka kwenye maji ya vuguvugu hadi mpira ukalainika, tukafungua kichwa polepole, tukavuta mkia kwa ndani. Kilichotoka kilikuwa donge la kutu kubwa kama punje ya maharage. Tukasafisha tumbo, tukakausha siku mbili, tukafunga mkia upya kwa kamba ndogo ya plastiki. Doa la nje lipo, limepauka kidogo. Lakini halikui tena. Nilimwambia yule mama ukweli: likiacha kukua, umefanya kazi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaopenda kitu kiwe kipya. Baadhi hupaka rangi upya, wakatia varnishi, gari likang'aa kama limetoka dukani juzi. Wakusanyaji wenyewe hawalipendi gari la namna hiyo. Rangi ya kwanza, hata ikiwa imechubuka, ina thamani kuliko rangi nzuri ya jana. Mimi siuzi, kwa hiyo bei hainihusu. Lakini pikapu ya buluu ina mkwaruzo kwenye boneti kutokana na ngazi za nyumba ya zamani ya shangazi, na mkwaruzo huo naujua kwa kidole hata gizani. Nikiupaka rangi nitamwonyesha Yaya gari la mtu mwingine.

Kuyahifadhi ni kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo tuliyoikosea. Mkebe wa chuma haufai. Gazeti halifai pia, linashika unyevu na kuugandisha kwenye rangi. Sasa kila gari limefungwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, ndani ya kisanduku cha plastiki ngumu chenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Wauza viatu wa Birere wanavitupa. Ukiomba wanakupa mkono mzima. Ekseli nimezipaka mafuta kidogo sana, nikiangalia yasifike kwenye matairi ya mpira, maana mafuta yanayavimbisha. Kisanduku hakikai tena juu ya kabati chini ya bati. Kiko chini, mbali na ukuta, na kila mwanzo wa msimu wa mvua nakifungua, nazungusha kila gurudumu, nafunga.

Yaya anaishi Kampala. Nilimtumia picha nilipomaliza, moja moja, na la kijani nikamtumia la mwisho pamoja na maelezo ya siki. Hakuandika kitu. Usiku akapiga simu.

“Ile ya buluu inazunguka?”

“Inazunguka.”

“Na ile mukebe, uliutupa?”

Nikamwambia hapana, uko nje, naweka misumari.

“Basi weka magari ndani, utikise. Nataka kusikia.”

Nilimwambia yatakwaruzika, kwamba nimehangaika mwaka mzima. Akasema ni mara moja tu. Nikamwaga misumari, nikaupangusa mkebe kwa ndani, nikafungua vitambaa saba, nikayapanga kama yalivyokuwa, la kijani juu. Nikasogeza simu karibu. Nikatikisa.

Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata. “Ziko saba,” akasema. Kisha nikayatoa, nikayafuta moja moja, nikayarudisha kwenye vitambaa vyake.